Gesi ya Baluni

Magari ya wakwe yalikuwa yameshageuzwa. Mawili yalikwisha kutoka getini na la tatu lilikuwa linarudi nyuma polepole, huku wanaume wa upande wa Abdul-Latif, bwana harusi, wakipakia tena vikapu walivyovileta asubuhi ile. Vitenge, mashuka, sukari, mikeka, vyote vilikuwa vinarudi vilikotoka. Chakula kilikuwa bado jikoni, masufuria yamefunikwa, hakuna aliyeonja hata tonge. Na katika nyumba ya Afande Zubairi, baba wa bibi harusi, pale Bukoto, Kampala, mgeni kuondoka bila kula ni afadhali angekutemea mate.

Dokta Ajok alikuwa amesimama kando ya tangi la maji, anatazama viatu vyake. Hakuna aliyemwambia aondoke. Hakuna aliyemwambia akae pia. Watu walimpita kama anavyopitwa mtu mwenye ndui.

Yeye ndiye aliyewarudisha wakwe.

Mambo yalikuwa hivi. Wageni walikuwa wamekaa, dua imesomwa, vikapu vimepangwa mbele ya wazee, kilichobaki ni kupokea tu. Hapo ndipo Hajati Nuriat, shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya paredi, aliposimama bila kuombwa.

"Kabla hatujaacha vitu vyetu hapa," alisema, "tumesikia kuna maneno juu ya damu ya huyu mtoto Safinah. Na mwenye kuyasema iko humu ndani, anakatakata vitunguu. Aitwe."

Ajok akaitwa. Alitoka jikoni mikono inanuka vitunguu, kilemba kimemwendea upande.

"Dokta, wewe ni msomi. Hii maneno ni kweli ama si kweli?"

"Hajati, ni utafiti, bado tuna—"

"Sikuuliza utafiti. Nimeuliza kweli ama si kweli."

Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema hayo ni mambo ya kazini, hayasemwi uani. Lakini macho ya watu wote yalikuwa juu yake, yeye mtoto wa Sajenti Oyat aliyekulia kambi ya polisi, leo anaitwa Dokta mbele ya mahaji, na kitu fulani kifuani mwake, kitu kidogo na kibaya, kilifurahi kuulizwa.

"Ni kweli," alisema. "Lakini—"

Hiyo lakini hakuna aliyeisikia. Abdul-Latif, kijana mrefu mwenye kanzu mpya, alimtazama shangazi yake, kisha akainama akashika kikapu cha kwanza kwa mikono yake mwenyewe.

Sasa ni lazima ieleweke Ajok alikuwa anafanya kazi gani, maana bila hiyo kosa lake halionekani.

Katika maabara moja juu ya kilima upande ule mwingine wa jiji, kulikuwa na mashine ya mitumba iliyoletwa kutoka Ulaya, ndefu kama jeneza la mtu wa miraba minne. Kazi yake ni kuangalia umbo la protini. Protini ni kama uzi mrefu uliojikunja wenyewe, na ukijikunja vibaya mtu anaumwa. Mwilini protini inaishi ndani ya maji. Mashine ya Ajok inaitoa majini. Inaipitisha kwenye sindano nyembamba yenye umeme, inatoka kama ukungu, vitone vinakauka vikiwa hewani, na protini inabaki uchi, inaelea peke yake ikiwa na chaji ya umeme. Kisha inasukumwa ndani ya bomba lililojaa gesi ya heli, na saa inaanza kuhesabu.

Ajok alipenda kuwaeleza wageni kwa mfano wa Nakivubo. "Pita Nakivubo saa ya soko," alikuwa akisema. "Mwenye mikono mfukoni anapenya, anafika upesi. Mwenye mabegi, kushoto begi, kulia begi, anagonga kila mtu, anachelewa. Basi protini iliyojikunja vizuri inafika mapema. Iliyolegea inachelewa. Sisi hatuioni. Tunaijua kwa kuchelewa kwake."

Alikuwa anapima himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, kutoka familia mbalimbali, kutafuta kama kuna maumbo ambayo vipimo vya kawaida vya selimundu haviyakamati. Watu wengi aliwapima kwa mtungi wa heli safi ulioletwa na meli. Mtungi ukaisha. Mwingine ukakwama forodhani, leo njoo kesho. Zilikuwa zimebaki sampuli za watu wa nyumba moja tu, nao ni hao wa Afande Zubairi, waliotoa damu yao kwa sababu Ajok walimlea kambini, ni mtoto wao.

Ndipo Ogwang, mwenzake wa maabara, aliposema kuna mtu kule Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, anaitwa Bonny, anajaza baluni za sherehe, ana mitungi ya heli mpaka mlangoni. "Heli ni heli," alisema Ogwang. Na Ajok akasema kale, sawa, twende.

Kila siku, kabla ya kupima kitu chochote, mashine hujaribiwa kwanza kwa protini ya moyo wa farasi, ambayo dunia nzima inajua inafika wakati gani. Siku ile umeme ulikuwa unacheza, unakuja unakwenda. Ajok akaogopa utakatika kabisa. Akamruka farasi, akaanza na damu ya Safinah.

Ikachelewa. Ya mama yake ikachelewa, ya kaka zake ikachelewa. Umbo jipya! Ajok alitoka pale anatembea kama mtu aliyelewa. Jioni akapita Bukoto kunywa kahawa kwa Mama Rahmah, mke wa Afande, na kwenye mkeka walikuwapo majirani na binamu mmoja wa Hajati Nuriat. Hakuulizwa. Alisema mwenyewe. Alisema damu ya nyumba hii ina kitu ambacho hakijawahi kuonekana, imelegea, na Safinah akiolewa watoto wake waangaliwe sana. Alisema hivyo akinyoosha kikombe aongezewe.

Basi turudi uani.

Gari la tatu lilipotoka, lilikanyaga kitu getini kikapasuka, paa! Wanawake wakashtuka. Ilikuwa baluni. Ajok akainua macho kutoka kwenye viatu.

Geti lilikuwa limepambwa kwa baluni za rangi ya dhahabu na nyeupe, zilizofungwa asubuhi ileile. Zilitakiwa zisimame juu ya nyuzi zake mpaka usiku. Sasa saa za adhuhuri tu zote zilikuwa zimelala, nyingine zinaburuta tumbo kwenye vumbi, kuku mmoja anazidonoa. Na aliyezijaza ni Bonny wa Kikuubo. Ajok mwenyewe ndiye aliyemwambia Mama Rahmah: nendeni kwa huyo, ndiye anayenipa mimi.

Akaenda nyuma ya nyumba, akapiga simu.

"Bonny, baluni za Bukoto zimelala chini."

"Ah, Dokta! Ni jua. Jua ya Kampala inachosha hata watu."

"Bonny, umechanganya?"

Halafu kicheko. "Banange, Dokta, nani hachanganyi? Upepo kidogo tu. Baluni inapanda, watoto wanapiga makofi, basi."

"Na mtungi wangu?"

"Ule pia. Kwani huko kazini si mlikuwa na pati?"

Ajok alikaa chini kwenye ngazi za jikoni. Heli ni gesi nyepesi kuliko zote zinazoweza kutiwa humo. Protini inapita ndani yake kama mtu anayepita Nakivubo siku ya Idi asubuhi, maduka yamefungwa. Hewa ya kawaida ni nzito. Ukiitia humo, umejaza njia watu na mikokoteni, na hata mwenye mikono mfukoni atachelewa. Yeye alikuwa amemlaumu mpita njia. Kumbe ni barabara.

Juu yake, dirishani, pazia lilitikisika. Safinah alikuwa pale, amevaa nguo ya kutolewa mbele ya wageni, hina mpaka kwenye viwiko. Walitazamana. Ajok akafungua mdomo. Pazia likashuka.

Kesho yake akaenda maabara peke yake akamweka farasi kwenye mashine. Farasi naye akachelewa. Akajichoma kidole, akapima damu yake mwenyewe, damu ya Oyat, ya Kiacholi, isiyo na udugu na nyumba ya Zubairi hata kwa shemeji. Nayo ilikuwa imelegea. Kwa gesi ile hata malaika angelegea.

Ogwang alipofika akaziona zile picha kwenye skrini, akavua miwani, akaifuta na shati.

"Sikiliza, Ajok. Hatujachapisha. Hakuna mahali popote hii kitu imetoka. Tunangoja mtungi safi, tunarudia, tunanyamaza. Nani atajua?"

"Safinah."

"Safinah anajua nini mambo ya chaji na bomba?"

"Anajua amekaa ndani na hina mkononi."

"Basi hiyo si sayansi, hiyo ni harusi. Harusi zinavunjika kila siku Kampala hii, hata bila mashine."

Na ubaya ni huu: maneno ya Ogwang yalimpendeza Ajok. Hakwenda Bukoto siku ile, wala wiki ile. Alijiambia si vizuri kwenda na nusu habari, ngoja mtungi utoke forodhani, niwe na uhakika kamili. Mtu akiwa na aibu anakuwa mwanasheria hodari wa nafsi yake. Akaanza kuzunguka na njia ya mbali ili asipite karibu na geti lile. Mara moja alimwona Mama Rahmah sokoni anachagua nyanya, akajificha nyuma ya magunia ya mkaa, mwanamke mzima mwenye shahada tatu, mpaka muuza mkaa akamuuliza, "Nyabo, umeibia mtu?"

Mtungi ukaja. Farasi akafika kwa wakati wake. Damu ya Safinah ikafika wakati mmoja na damu za watu wengine wote wa mji huu, haina ajabu, haina kasoro. Ajok alirudia mpaka Ogwang akamwambia sasa unaitesa mashine. Hapakuwa tena na pa kujificha.

Alimkuta Mama Rahmah anakaanga kahawa, moshi umejaa kibarazani, tangawizi imetwangwa iko pembeni. Ajok akapiga magoti palepale kwenye saruji, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu akiwa msichana, akasema yote: gesi, farasi, baluni, na hata ule muda aliokaa akijua na kunyamaza. Huo ndio uliomkaba kuliko mengine.

Mama Rahmah aliendelea kukoroga. Kahawa haiachwi ikaungua kwa sababu ya mtu.

"Kambini," alisema mwishowe, "mama yako akiwa zamu, nani alikuwa anakunywesha uji?"

"Ni wewe, Mama."

"Nilikuuliza una damu gani?"

Ajok akainama zaidi.

"Mimi sikujui kwa mashine yako. Lakini neno ulilipanda kwenye kahawa, na unaling'oa kwenye kahawa. Si kwangu. Kwa Nuriat. Na wanawake wote wakiwepo, na yule binamu mwenye mdomo. Usiende na karatasi. Ulipoharibu hukuwa na karatasi."

Hivyo ndivyo walivyo wale watu wa kambi za zamani, wajukuu wa askari waliotoka Sudani: jambo lililosemwa juu ya mkeka halifutwi kwa simu wala kwa barua. Linafutwa juu ya mkeka.

Akaenda. Kwa Hajati Nuriat mikeka ilikuwa imetandikwa, wanawake wamejaa, uvumba unafuka, na wote walikwisha kusikia kuwa Dokta anakuja kuyameza maneno yake, kwa hiyo hata wenye wagonjwa nyumbani hawakukosa. Ajok alisimama. Akaeleza kwa Kiswahili cha kambini, kile alichokulia nacho, bila neno hata moja la shuleni. Akaeleza Nakivubo, mwenye mabegi na asiye na mabegi, na jinsi barabara ilivyojazwa na yeye hakutazama barabara.

"Ngoja," alisema Hajati Nuriat. "Nielewe vizuri. Mimi nimerudisha magari matatu, nimemwaibisha Zubairi mzee wa watu, kwa sababu ya baluni?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wote wakacheka, wanapigana mapaja, machozi yanawatoka. "Msomi wa baluni!" "Dokta, na mimi nipime, tumbo langu limelegea!" "Muulizeni bei ya kuruka!"

Ajok alisimama hivyohivyo mpaka kicheko kikaisha. Alikuwa ameogopa matusi. Kicheko kilikuwa kibaya zaidi, maana alikuwa anastahili.

"Hajati, kuna jingine," alisema. "Hata kama ingekuwa kweli, haikuwa yangu kuisema. Ile damu nilipewa kwa siri. Nilisema kwa sababu nilitaka mniheshimu."

Hapo hakuna aliyecheka. Hajati Nuriat akasukuma kikombe mbele yake. "Kunywa. Kesho unatangulia wewe getini, sisi nyuma. Ulilitoa uani kwa Zubairi, utalimalizia uani kwa Zubairi."

Kesho yake magari yaliingia tena Bukoto, vikapu vilevile. Geti halikuwa na pambo. Ajok alisimama mahali palepale alipokuwa amesimama na mikono ya vitunguu, akasema kwa sauti: si kweli. Haikuwa kweli. Kosa ni langu. Afande Zubairi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, fimbo katikati ya magoti, anatazama ukuta. Abdul-Latif alikuwa ameshika kikapu na anatabasamu kidogo, kama mtu aliyerudishiwa simu iliyopotea.

Safinah akatoka mwenyewe, hakungoja kutolewa. Alivaa gauni la nyumbani. Hina ilikuwa imeanza kufutika, imebaki kwenye kucha.

"Nimesikia," alisema. "Dokta, wewe ulikosea gesi, halafu ukakaa kimya. Hayo ni yangu na wewe, tutayaongea tukijaliwa." Akamgeukia Abdul-Latif. "Lakini huyu hakukosea gesi. Huyu aliambiwa mimi ni mbovu, akainama akachukua kikapu. Mimi nilikuwa dirishani. Nilikuwa nasema moyoni, ataangalia juu, sasa ataangalia juu. Ulipanda gari, Latif. Hukuangalia juu."

"Safinah, si wamesema damu yako haina kitu?"

"Ndiyo. Na kama ingekuwa na kitu?"

Abdul-Latif alimtazama shangazi yake.

"Basi," Safinah akasema. "Wageni wapewe chakula. Safari hii wale kwanza."

Wakala, wameinamisha vichwa, kisha wakapakia vikapu kwa mara ya pili. Ajok alikuwa amekuja akiamini kwamba ukweli ukisemwa, mambo yatajikunja yenyewe yarudi kama yalivyokuwa. Alikuwa anajua vizuri kuliko watu wote pale uani kwamba kuna vitu vikishalegea havirudi umbo. Alikuwa ameona vingi. Hakuwa amefikiri vinaweza kuwa na uso wa mtu.

Abdul-Latif alioa mwaka uliofuata, msichana kutoka Bombo. Wana mapacha, na duka la nguo Kikuubo. Hajati Nuriat miguu imemvimba, hatoki tena, watu wanamfuata. Afande Zubairi alifariki kwa shinikizo la damu, na hakuwahi kulizungumza lile jambo na mtu. Safinah alikwenda Juba kufanya biashara ya vitenge, akarudi, ana chumba cha kushona Bukoto na hajaolewa. Ajok alimfuata mara mbili, mara ya pili walizungumza. Ogwang yuko Nairobi. Bonny bado anajaza baluni. Mashine pampu yake iliharibika na imefunikwa shuka. Ajok alichapisha matokeo yake, yakiwa na sampuli zote, na yanasema hakuna umbo jipya lililopatikana. Bado anakwenda kwa Mama Rahmah kunywa kahawa. Zamani alipewa kikombe chochote kilichokuwa karibu, kama mtoto wa nyumba. Siku hizi anapewa kile cha wageni.